Mchele wa Saa Kumi na Mbili

Sheria ya Japani imenifunga mdomo hadi kaburini:
tuliyosemezana chumbani, raia sita na majaji watatu,
hayatoki.
Basi nitasema yale niliyojisemea peke yangu.

Nilikuwa mwamuzi namba nne, mjini Morioka, mwezi wa pili.
Kazi yangu ni kusoma mita za gesi, mwaka wa thelathini na moja sasa.
Nyumba iliteketea. Bwana Sugawara alifia hospitalini siku ya tatu.
Mkwewe, Kiyoharu Nezu, aliketi mbele yetu
kama mtu anayesubiri kuitwa dirisha la dawa.

Hatakeyama, mwendesha mashtaka, hakupekua karatasi.
Alisimulia:

    Alikuwa na madeni, mkwe kamkatalia,
    Akaingia dukani, mafuta kajipatia,
    Wenzake usingizini, kiberiti kawashia,
    Nyayo zake thelujini, kutoka, si kuingia.

Nilihisi mabega yangu yakishuka.
Vina vimekaa, mizani imetimia,
na mahakamani mtu akisikia mizani
hudhani ni haki.

Wakili Oikawa hakuja na hadithi. Alikuja na koleo,
akang'oa neno moja moja.
Mafuta ya taa? Februari hii, nani Morioka hakununua?
(Risiti yangu ilikuwa mfukoni.)
Nyayo? Theluji iliporomoka kutoka paani,
ikafukia nusu ya ua. Za kuingia huenda zimelala chini yake.
Deni? Wadaiwa wote wangechoma nyumba,
tungekuwa tunaota moto barabarani.

Kila kipande, kikiachwa peke yake, si kitu.
Lakini hata kamba ni nyuzi tu.
Hapo nilikwama siku mbili.

Jaji kiongozi alisema: tumieni uzoefu wenu wa maisha.
Wangu ni huu: mwenye deni hakimbii mlangoni,
hukukaribisha, hukumiminia chai, husifia viatu vyako.
Nimebisha hodi kwa maelfu, nikapata kanuni yangu.
Na yule mmoja aliyenimwagia maji ya moto?
Yeye nilimsahau, ili kanuni ibaki nzuri.
Uzoefu ni shahidi asiyeapishwa.

Kisha ile sufuria.
Zimamoto walimkuta Nezu barabarani, hana soksi,
amekumbatia sufuria ya umeme ya kupikia wali.
Hatakeyama: alikwishapanga cha kuokoa.
Oikawa: aliyechanganyikiwa hushika kilicho karibu.
Sufuria ni ileile, iko mezani, imebandikwa karatasi:
kielelezo cha kumi na saba.

Mtaalamu akafunua kifuniko kwenye picha.
Mchele, haujawa wali. Umelowekwa, vikombe vitatu,
na saa yake, kwa betri ndogo isiyojua msiba,
bado imetegwa uive saa kumi na mbili alfajiri.

Nani hutega wali wa asubuhi
ndani ya nyumba atakayoichoma usiku?

Nikaipenda sentensi hiyo. Niliipenda mno,
na kule kuipenda ndiko kulikonitia hofu,
kwa maana ushahidi ulikuwa mchele tu.
Aliyeupika ni mimi.

Mke wa Nezu aliulizwa: nani aliitega?
Alitazama kucha zake muda mrefu.
"Hutegwa tu. Kila usiku hutegwa."

Hutegwa.
Kitenzi kizima, hakina nafsi ndani yake.
Nilikitafuta mtu humo kila nikifumba macho:
mara ni yeye, mara ni mumewe,
mara ni mzee mwenyewe, na kidole chake chenye baridi yabisi.

Siku ya sita tulikata shauri.
Lipi, siruhusiwi.
Nilirudi nyumbani, theluji imegeuka tope,
nikala kilichokuwepo, nikalala.

Asubuhi jikoni kulikuwa na mvuke.
Mume wangu akauliza ni nani aliyetega wali,
mimi au yeye.
Tulitazamana.